Klorini ya Maji au Klorini ya Chenga kwa Bwawa la Kuogelea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila anayetunza bwawa la kuogelea hufika mahali pa kuamua kama atatumia klorini ya maji inayouzwa kwa madumu, au ile ya chenga inayouzwa kwa ndoo na mifuko kwa ajili ya dozi kubwa. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa kulenga bwawa la nje linalopigwa na jua, ingawa mengi yanafaa pia kwa bwawa la ndani. Viwango vya klorini vimetajwa kwa miligramu kwa lita, ambavyo vifaa vingi vya kupimia huviandika kama ppm.

Je, aina hizi mbili huua vijidudu kwa namna tofauti?

Hapana. Klorini ikishayeyuka bwawani hutoa asidi ya haipoklorasi, na hiyo ndiyo inayoua bakteria, virusi na mwani, iwe ilitoka kwenye dumu au kwenye ndoo ya chenga. Miligramu 3 kwa lita za klorini huru, yaani ile ambayo bado haijafungwa na uchafu, zilizotokana na dawa ya maji zina uwezo uleule wa miligramu 3 zilizotokana na chenga, mradi maji mengine yote yawe katika hali moja. Kwa hiyo anayesema kwamba chenga ni “kali zaidi” anazungumzia uzito wake tu: kilo moja ya chenga ina klorini nyingi kuliko kilo moja ya dawa ya maji. Tofauti inayostahili kuamua ununuzi iko kwingine, yaani katika kile kinachobaki majini baada ya klorini kufanya kazi yake, na katika uwezo wako wa kuihifadhi dawa bila kuiharibu wala kuhatarisha watu.

Ndani ya dumu na ndani ya ndoo kuna nini hasa?

Ndani ya dumu kuna haipokloraiti ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji. Ile inayotengenezwa kwa ajili ya mabwawa huwa na klorini ya asilimia 10 hadi 12.5, ilhali dawa ya kupaushia nguo, ambayo wengi huiita jiki, huwa nyepesi zaidi, kwa kawaida kati ya asilimia 3 na 8 kutegemea mtengenezaji.

Ndani ya ndoo mambo si rahisi hivyo, kwa sababu dawa za chenga zinafanana kwa macho huku kemia zake zikitofautiana sana. Iliyozoeleka zaidi ni haipokloraiti ya kalsiamu, yenye klorini ya asilimia 65 hadi 70 hivi. Ya pili ni dikloro, ambayo lebo zake huandika dichloroisocyanurate ya sodiamu, yenye klorini ya takriban asilimia 56. Hii huja pamoja na kiimarishi, yaani kemikali inayoikinga klorini isivunjwe na jua, jambo ambalo limeelezwa kwa kirefu hapa chini. Ya tatu haina klorini kabisa: ni monopersulfate ya potasiamu, ambayo huunguza uchafu uliomo majini lakini haiwezi kuachiwa peke yake kazi ya kuua vijidudu. Pia ipo poda nyeupe ya zamani, chokaa ya klorini, ambayo klorini yake hufikia takriban theluthi moja tu ya uzito na huacha mashapo mengi ya chokaa. Haifai kwa bwawa zuri lenye kichujio. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mnunuzi wa chenga ni kuacha kuangalia maandishi makubwa ya mbele, ageuze ndoo, na asome jina la kemikali na asilimia yake.

Uamuzi huu una umri mkubwa kuliko mabwawa ya kisasa. Mwishoni mwa karne ya 18 Mfaransa Claude Louis Berthollet alipata dawa ya maji ya kupaushia vitambaa, na mwaka 1799 Charles Tennant wa Uskoti alipewa hataza ya poda ya kupaushia, ambayo ilipendwa kwa sababu ilisafirishwa na kuhifadhiwa kwa urahisi kuliko dawa ya maji. Hadi leo, sababu hiyo ya usafirishaji na uhifadhi ndiyo nguvu kuu ya chenga.

Je, jiki ya kufulia inaweza kutiwa bwawani?

Inaweza, kwa sharti kwamba iwe ya kawaida kabisa: haina manukato, haina rangi, haina sabuni, wala haikufanywa nzito ili isiruke inapomiminwa. Viongezo hivyo hutoa povu na kuleta uchafu ambao klorini yenyewe italazimika kuuondoa. Kemikali kuu ni ileile iliyomo katika klorini ya maji ya bwawa. Tofauti ni wingi wake. Ukikosa klorini ya bwawa kwa siku chache, jiki isiyo na viongezo itakuokoa, lakini jiandae kubeba chupa nyingi.

Nitajuaje kiasi cha kutia?

Anza kwa kujua ujazo wa bwawa. Kwa bwawa la mstatili, zidisha urefu kwa upana kwa wastani wa kina, vyote kwa mita. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na wastani wa kina wa mita 1.5 lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba gramu 1 ya klorini katika mita moja ya ujazo hupandisha kiwango kwa miligramu 1 kwa lita. Ukitaka kupandisha klorini ya bwawa hilo kwa miligramu 3 kwa lita, unahitaji gramu 144 za klorini halisi.

Kiasi hicho utakipata katika lita 1.15 hivi za klorini ya maji ya asilimia 12.5, au lita 1.45 hivi za ile ya asilimia 10, au takriban lita 2.9 za jiki ya asilimia 5. Kwa haipokloraiti ya kalsiamu ya asilimia 65 utahitaji gramu 220 hivi, na kwa dikloro ya asilimia 56 gramu 257. Hesabu hizi zinachukulia kwamba dawa bado ina nguvu iliyoandikwa kwenye lebo, jambo ambalo kwa dawa ya maji si la kudhani tu. Tia dozi, acha pampu izungushe maji, kisha pima.

Ipi ni nafuu?

Usilinganishe bei ya dumu na bei ya ndoo. Tafuta gramu za klorini zilizomo katika kila kimoja, kisha gawa bei kwa gramu hizo. Dumu la lita 20 la asilimia 10 lina takriban gramu 2,000 za klorini likiwa jipya. Ndoo ya kilo 5 ya haipokloraiti ya kalsiamu ya asilimia 65 ina gramu 3,250. Ukishafanya hesabu hiyo, ongeza gharama ambazo hazionekani dukani: asidi ya kushusha pH (kipimo cha uasidi wa maji), maji ya kubadilisha bwawa pale kalsiamu au kiimarishi kinapozidi, na klorini iliyopotea kwa sababu dumu lilikaa muda mrefu kwenye joto.

Kila aina huacha nini majini?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwenye bwawa aulize kabla ya kulipa. Klorini hutumika na kuisha, lakini mwenzake aliyekuja naye hubaki, na kwa kuwa maji yanayopotea kwa mvuke hayaondoki na chumvi wala kalsiamu, mabaki hayo hujilimbikiza mwezi baada ya mwezi hadi utakapomwaga sehemu ya maji au mvua kubwa itakapoyapunguza.

Klorini ya maji huacha chumvi ya kawaida. Kila miligramu 10 kwa lita za klorini huongeza takriban miligramu 16 au 17 za chumvi kwa lita. Inasikika kuwa nyingi, lakini mabwawa yanayotumia mashine ya kutengeneza klorini kutokana na chumvi huendeshwa kwa takriban miligramu 3,000 kwa lita, na waogeleaji hawalalamiki. Kwa bwawa la kawaida, chumvi inayotokana na dawa ya maji huchukua muda mrefu sana kuwa tatizo.

Haipokloraiti ya kalsiamu huongeza ugumu wa maji: takriban miligramu 7 kwa lita kwa kila miligramu 10 za klorini. Kama bwawa lako hutumia miligramu 2 za klorini kwa siku na unalitia chenga hizi kila siku, baada ya siku 30 utakuwa umeongeza ugumu kwa miligramu 42 hivi. Penye maji laini jambo hili ni faida, hasa kwa bwawa lililopigwa plasta, kwa kuwa maji yenye kalsiamu kidogo mno huila plasta. Penye maji magumu hali ni kinyume chake: pH ikipanda, kalsiamu hujitenga na kuganda kama ukoko mweupe kwenye vigae, ndani ya mabomba na kwenye kipasha joto, na maji yenyewe huonekana kama yametiwa maziwa. Kwa hiyo pima ugumu wa maji unayojazia bwawa kabla ya kuchagua chenga hizi kuwa dawa ya kila siku.

Dikloro huacha kiimarishi, yaani asidi ya sianuriki, kwa kiasi cha takriban miligramu 9 kwa kila miligramu 10 za klorini. Kwa matumizi yaleyale ya miligramu 2 kwa siku, mwezi mmoja unatosha kuongeza miligramu 54 kwa lita. Hakuna kichujio cha kawaida kinachoiondoa, haivukizwi na jua, na njia ya uhakika ya kuipunguza ni kumwaga maji na kujaza mapya. Nimeona watu wakilaumu pampu, kichujio na hata rangi ya bwawa, kumbe maji yao yamejaa kiimarishi kiasi kwamba klorini iliyopimwa vizuri haifanyi kazi kwa kasi inayotakiwa.

Kiimarishi ni kizuri au kibaya?

Ni kizuri kwa kipimo. Chini ya jua kali, bwawa lisilo na kiimarishi linaweza kupoteza nusu ya klorini yake kwa muda usiozidi saa moja hivi, kwa sababu mionzi ya jua huivunja. Asidi ya sianuriki huishika klorini na kuiachia kidogo kidogo, hivyo sehemu kubwa hunusurika. Kiwango cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita hutosha kwa mabwawa mengi ya nje. Bwawa la ndani halikihitaji kwa sababu hiyo.

Gharama yake ni kwamba klorini iliyoshikwa huua vijidudu polepole. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita katika bwawa lisilo na kiimarishi, na isipungue 2 pale kinapotumika. Kanuni inayofuatwa na watunza mabwawa wengi ni kali zaidi: klorini huru isishuke chini ya asilimia 7.5 hivi ya kiimarishi. Kwa kiimarishi cha miligramu 40, hiyo ni klorini ya miligramu 3. Kikifika 120, utahitaji 9, na hapo ndipo bwawa linaanza kuwa mzigo.

Anayetumia klorini ya maji au haipokloraiti ya kalsiamu hana budi kutia kiimarishi mwenyewe mwanzoni mwa msimu, kisha kukiongeza pale tu kipimo kinapoonyesha kimepungua. Uhuru huo wa kukipima na kukitia kando ndio unaonifanya nipendelee aina hizo mbili kwa kazi ya kila siku.

Klorini ya maji ina pH ya juu sana. Je, haitapandisha pH ya bwawa?

Itaipandisha mara tu inapotiwa, na haipokloraiti ya kalsiamu pia hufanya hivyo. Hata hivyo, klorini inapotumika kuua vijidudu au inapovunjwa na jua hutoa asidi, na asidi hiyo hurudisha pH karibu na pale ilipokuwa. Kinachobaki ni ongezeko dogo. pH inayoendelea kupanda wiki baada ya wiki mara nyingi inatokana na alkalini nyingi pamoja na maji yanayorushwa hewani na maporomoko au chemchemi za mapambo, ambayo hupoteza kabonidioksidi. Dikloro haina athari kubwa kwa pH.

Iweke pH kati ya 7.2 na 7.8. Katika maji yasiyo na kiimarishi, kwa pH ya 7.2 takriban theluthi mbili ya klorini huwa katika umbo linaloua vijidudu haraka, kwa 7.8 hubaki theluthi moja. Kwa sababu hiyo, kushusha pH kabla ya dozi kubwa huokoa dawa.

Klorini ya maji hutiwaje?

Washa pampu. Vaa miwani ya kinga na glavu, na usivae nguo unayoipenda, kwa sababu tone moja litaacha doa la kudumu. Simama karibu na tundu ambalo maji yaliyochujwa hurudi bwawani, inama, na mimina polepole mdomo wa dumu ukiwa karibu na uso wa maji, ili mkondo uichukue dawa na kuisambaza. Dawa ya maji ni nzito kuliko maji ya bwawa, na ikimiminwa kwa kishindo mahali palipotulia hushuka na kutanda sakafuni kabla ya kuchanganyika. Acha pampu iendelee kwa angalau saa moja, kisha suuza dumu kwa maji ya bwawa.

Na chenga je?

Chenga zinahitaji subira zaidi. Soma kwanza lebo, kwa kuwa baadhi hutengenezwa ili zinyunyizwe moja kwa moja na nyingine ziyeyushwe kwanza. Kwa bwawa lenye sakafu ya vinili au rangi, ziyeyushe kila mara, maana chenga moja ikilala sakafuni usiku kucha hupausha alama nyeupe isiyofutika.

Chukua ndoo safi ya plastiki isiyotumika kwa kazi nyingine, ijaze maji kwa robo tatu, kisha nyunyiza chenga juu ya maji kidogo kidogo. Utaratibu huo usigeuzwe: maji yakimwagwa juu ya chenga kavu, joto hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kuchemka na kukurukia usoni. Koroga kwa kijiti cha plastiki. Haipokloraiti ya kalsiamu itafanya maji yawe meupe, na baada ya dakika chache za kutulia utaona mashapo yameketi chini na maji ya juu yamekuwa angavu kidogo. Mimina maji hayo ya juu kuzunguka bwawa huku pampu ikifanya kazi, ongeza maji kwenye mashapo, koroga tena, mimina tena. Mabaki meupe ya mwisho kwa sehemu kubwa ni chokaa, na hayana faida bwawani. Malizia kwa kupiga brashi pale palipotuama kitu.

Usiweke chenga ndani ya skima, yaani tundu la pembeni linalovuta maji ya juu kwenda kwenye kichujio. Dawa kali itapita moja kwa moja kwenye pampu na kipasha joto, na kama kuna kidonge cha aina nyingine ndani ya mfumo, hatari yake ni kubwa, kama ilivyoelezwa mbele.

Dozi kubwa huhitajika lini?

Huhitajika pale klorini ya kila siku imezidiwa. Dalili ya kuaminika ni kipimo cha klorini iliyofungwa, ambayo hupatikana kwa kutoa klorini huru kutoka kwenye klorini jumla. Klorini iliyofungwa hutokea klorini inapokutana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi, na hiyo ndiyo yenye harufu kali na ya kuwasha macho. Bwawa lenye harufu hiyo kwa kawaida limepungukiwa na klorini huru, hata kama wageni wanadhani limetiwa nyingi mno. Klorini iliyofungwa inapofika miligramu 0.5 kwa lita, chukua hatua. Kanuni ya kawaida ni kutia klorini mara 10 ya klorini iliyofungwa: kama ni 0.6, pandisha klorini kwa 6.

Maji yakigeuka kijani, dozi moja haitoshi. Pandisha klorini, piga brashi kuta zote, acha kichujio kifanye kazi mfululizo, pima mara kadhaa kwa siku na urudishe kile kilicholiwa, hadi maji yawe maangavu na klorini isishuke usiku. Kwa kazi hii klorini ya maji ina faida, kwa sababu unaweza kuitia tena na tena bila kulimbikiza kalsiamu wala kiimarishi. Dikloro ndiyo mbaya kuliko zote hapa: kupandisha klorini kwa jumla ya miligramu 40 katika vita na mwani kutaongeza kiimarishi kwa 36, na kila dozi itafanya inayofuata iwe dhaifu.

Tukio la kuhara bwawani lina taratibu zake. Kiini cha hofu ni kimelea kiitwacho Cryptosporidium, ambacho huweza kuishi zaidi ya siku 7 katika maji yenye klorini ya kawaida. CDC hushauri kufunga bwawa na kushikilia klorini huru ya miligramu 20 kwa lita kwa saa 12.75 katika maji yasiyo na kiimarishi, pH ikiwa haizidi 7.5 na joto la maji likiwa nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi. Maji yenye kiimarishi huhitaji muda mrefu zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokiacha kijilimbikize.

Klorini ya maji hukaa kwa muda gani?

Huanza kupungua nguvu siku ilipotengenezwa. Joto na mwanga ndivyo adui zake wakubwa: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuharibika huongezeka takriban mara 3 hadi 4, na kadiri dawa ilivyo kali ndivyo inavyoharibika haraka. Dumu la asilimia 12.5 lililoachwa kwenye banda lenye joto kali kwa wiki kadhaa linaweza kupoteza sehemu kubwa ya klorini huku likiendelea kuonekana na kunukia vilevile. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, nunua kwa muuzaji ambaye mzigo wake hautulii rafuni, na chukua kiasi cha wiki mbili hadi nne tu. Ihifadhi kivulini, mahali pa baridi penye hewa, ndani ya dumu lake lenye kifuniko kinachopumua, kwa sababu dawa inapovunjika hutoa gesi ya oksijeni na dumu lililobanwa huvimba. Usiihamishie kwenye chombo cha chuma. Zaidi ya yote, usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi lebo. Anaamini umbo la chupa.

Na chenga huhifadhiwaje?

Haipokloraiti ya kalsiamu iliyofungwa vizuri mahali pakavu na baridi hubaki na sehemu kubwa ya nguvu yake kwa mwaka au zaidi. Huo ndio ubora wake mkubwa, na kwa aliye mbali na wauzaji ni sababu tosha ya kuichagua. Lakini ni kioksidishaji kikali. Ikigusana na mafuta, dizeli, rangi, sabuni, sukari, majani makavu au vitambaa vyenye grisi, inaweza kuwaka bila kiberiti. Tumia kikombe cha kuchotea kilicho safi na kikavu, kilichotengwa kwa ajili yake peke yake. Chenga zilizomwagika chini zisirudishwe kwenye ndoo wala kutupwa kwenye pipa la taka, kwa kuwa hujui zimeokota nini sakafuni. Lebo hueleza jinsi ya kuziondoa, kwa kawaida kwa kuziyeyusha katika maji mengi.

Ni michanganyiko gani inayoua?

Klorini ya aina yoyote pamoja na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Asidi ya kushushia pH na klorini visikae rafu moja, wala asidi isiwekwe juu ya klorini mahali inapoweza kuvujia. Tia moja bwawani, acha maji yazunguke, ndipo utie nyingine, na vikombe vya kupimia visishirikiwe.

Haipokloraiti ya kalsiamu pamoja na trikloro, ile ya vidonge inayoyeyuka polepole, au pamoja na dikloro, huweza kuwaka moto au kulipuka, hasa unyevu kidogo ukiingia. Zote ni nyeupe, zote zinaitwa klorini, na ndiyo maana watu wema wasiojua huzimimina kwenye ndoo moja ili kupunguza vyombo. Tafadhali mwambie kila anayekusaidia kazi ya bwawa jambo hili moja hata kama humwambii lingine.

Ukisikia gesi inakukaba, toka uende penye hewa safi mara moja, waondoe wengine, na uite msaada wa dharura. Dawa ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 huku ukitafuta matibabu.

Nilitia dozi kubwa, lakini kipimo kinaonyesha hakuna klorini. Kwa nini?

Inawezekana klorini imezidi uwezo wa kipimo. Vipimo vya DPD, dawa ya kupimia klorini kwa rangi, hugeuka waridi penye klorini, lakini ikiwa nyingi mno rangi hiyo hupauka. Tazama kwa makini unapotia dawa ya kupimia: kama rangi ya waridi ilimulika kwa sekunde moja kisha ikatoweka, klorini ipo, tena nyingi. Changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji yaliyotoneshwa (distilled water), pima, kisha zidisha jibu kwa 5. Kama haikumulika kabisa, basi uchafu umeila klorini yote na unahitaji kuongeza.

Tungoje muda gani kabla ya kuogelea?

Fuata kipimo kuliko saa. Lebo nyingi huruhusu watu kuingia klorini ikiwa imeshuka hadi miligramu 4 kwa lita au chini ya hapo, pH ikiwa sawa na sakafu ikionekana waziwazi. Dozi ya kawaida ya klorini ya maji ikitiwa jioni, bwawa huwa tayari asubuhi. Jioni ndiyo saa inayofaa kwa aina zote, kwa kuwa klorini hupata usiku mzima wa kufanya kazi bila kuvunjwa na jua.

Basi nichague ipi?

Kama unapata klorini ya maji iliyo mpya na unaweza kuibeba, ifanye kuwa dawa yako ya kila siku, na weka ndoo ndogo ya haipokloraiti ya kalsiamu kwa dharura. Kama maji yako ni laini, au muuzaji yuko mbali, au una mahali pakavu pa kuhifadhia lakini si pa baridi ya kutosha kwa madumu, haipokloraiti ya kalsiamu inaweza kufanya kazi yote, mradi upime ugumu wa maji kila mwezi. Dikloro iache kwa hali maalumu: bwawa jipya lililojazwa maji yasiyo na kiimarishi, ambapo dozi chache za mwanzo hutia klorini na kiimarishi kwa pamoja, au safari ambayo hutaki kubeba kitu kingine. Kiimarishi kikifika 50, acha kuitumia.

Asiyeweza kuinua dumu zito kwa usalama achague chenga bila kusita. Dawa nzuri inayomwagika miguuni haina faida.

Naweza kubadilisha aina katikati ya msimu?

Ndani ya bwawa lenyewe, ndiyo, hata leo, kwa kuwa dawa iliyokwisha kuyeyuka na kusambaa haina ugomvi na nyingine. Hatari iko kwenye vifaa. Chombo cha kulishia vidonge kilichowahi kubeba trikloro kisitiwe haipokloraiti ya kalsiamu hata kikionekana kitupu na kikiwa kimesuuzwa, kwa sababu vumbi linalobaki kwenye viungo na mipira linatosha kuanzisha moto. Vivyo hivyo kwa vikombe, ndoo na vielea vya vidonge. Nunua vipya, viandike kwa wino usiofutika jina la dawa yake, na vya zamani visuuze kwa maji mengi kabla ya kuviondoa.